Mla Udongo wa Mtaa wa Kongo

Kila mtu ana kitu anachokula akiwa amewapa wenzake mgongo. Kariakoo, ambako kila kitu hutandazwa juu ya turubai na kupigiwa kelele, hilo si jambo rahisi, lakini watu hujitahidi. Mzee Sadalla wa duka la vyombo, aliyekatazwa sukari na daktari, hupanda ngazi kila alasiri hadi ghorofa ya tatu kwenda kuswali, na hushuka na chenga za kashata kwenye ndevu. Kuna mwanamke wa duka la viatu, mlokole, ambaye hujifungia stoo na simu yake kusikiliza taarabu za mipasho kwa sauti ya chini, akichezesha bega moja. Watu wanajua na hawasemi. Na Anaeli, mwenye duka la vitenge vya jumla Mtaa wa Kongo, mjane wa miaka hamsini na mitatu, mzee wa kanisa katika usharika wake, alikuwa anakula udongo.

Si udongo wa kukwangua ukutani. Ulikuwa udongo wa kununua, ule wanaoutafuna wajawazito, uliofinyangwa vijiti vya urefu wa kidole na kukaushwa kwa moshi. Aliuficha ndani ya kasha la miwani, na miwani yenyewe ikashinda juu ya kichwa chake kama mpangaji aliyefukuzwa. Wateja wakipungua aliingia nyuma ya marobota, akalifungua kasha kwa kidole gumba polepole lisilie, akavunja kipande cha ukubwa wa punje ya hindi, akakiweka ulimini. Udongo huo hung'ang'ania ulimi kwanza, kama mtu anayekushika mkono akiwa na jambo la kukuambia. Kisha hulegea. Kisha harufu ya mvua ya kwanza, ile inayopiga vumbi, hupanda nyuma ya pua.

Na wakati huo kelele zilipungua. Hilo ndilo lililomtisha na ndilo lililomrudisha. Vipaza sauti vya machinga, honi za pikipiki, makuli wakidai njia, vyote vilirudi nyuma, kana kwamba mtu amefunga dirisha kati yake na mtaa. Alisimama kwenye kiza cha vitambaa akasikia kitu kama majani ya mgomba yakisuguana. Udongo ukiisha, mtaa ulirudi wote kwa mara moja, naye akajifuta midomo akatoka.

Hamu yenyewe ilikuwa ngeni. Alipokuwa na mimba ya mwanawe wa pekee hakutamani hata ndimu. Ilianza mwezi wa pili mwaka huu, siku ya kumi baada ya mama yake kuzikwa Machame. Alikuwa anapita Mtaa wa Mkunguni na mfuko wa nyanya, akakuta mwanamke mzee ameketi kwenye mdomo wa kichochoro kati ya maghorofa mawili, ungo mbele yake: ukwaju, ubuyu, magadi, na vijiti vya udongo vimepangwa kama kuni. Miguu yake ikasimama. Mate yakamjaa mdomoni hata akaona aibu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Una mwezi wa ngapi?"

"Si mimi. Ni binti yangu," alisema Anaeli, ambaye hakuwa na binti.

Mwanamke yule, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Bakili, mzaliwa wa Newala aliyeletwa mjini zamani na mume aliyekuwa kuli bandarini, alimtazama usoni, akashuka tumboni, akarudi usoni. Akafunga vijiti vitano kwenye kipande cha gazeti.

"Mwambie binti yako asimeze haraka," alisema. "Huu haupendi haraka."

Sasa, kuhusu mazishi yale. Kwao Machame mtu huzikwa nyumbani, ndani ya kihamba, shamba la ukoo, kwenye migomba aliyoipalilia. Jeneza likishashushwa, kabla vijana hawajashika machepeo, watoto wa marehemu huitwa mmoja mmoja, wa kwanza hadi wa mwisho, na kila mmoja hutupa konzi moja ya udongo. Na katika ukoo wao konzi ya mtu haitupwi na mwingine. Mtu akiwa hayupo, jina lake huitwa mara tatu, watu husikiliza, kisha kaburi hufukiwa hivyo hivyo, likiwa limepungukiwa.

Jina la Anaeli liliitwa mara tatu. Alifika jioni, watu wakiwa wanakunja maturubai, akasema basi lake la Jumatano liliharibika Korogwe wakalala njiani. Alilia sana. Wakamwonea huruma, wakampa chai.

Hakuna basi lililoharibika. Jumatano ile alikuwa dukani. Mteja wake mkubwa, Mama Severine wa Lubumbashi, alikuwa ameingia mjini bila taarifa akitaka mzigo wa lori zima, na alikuwa mtu wa kuhamia duka la jirani ukimwambia rudi kesho. Anaeli alijiambia mazishi ni Alhamisi saa nane, nikipanda basi la alfajiri nitawahi. Moyoni alijua hatawahi. Alifunga marobota siku nzima kwa mikono yake, akitabasamu, na mama yake yuko ndani ya sanduku.

Jambo hilo hakumwambia mtu, hata mchungaji.

Duka aliliendesha pamoja na Leticia, mtu wa Songea, mwanamke wa miaka thelathini na kitu mwenye mdomo usio na pazia. Mwezi wa tatu ulikuwa haujaisha Leticia akamkalia njiani akitoka nyuma ya marobota.

"Bosi, hongera."

"Ya nini?"

"Midomo myeupe hivyo? Mimi nataka kumjua baba tu, nianze kushona sare."

"Leticia, mimi ningeweza kukuzaa."

"Sara wa kwenye Biblia alikuwa na tisini."

"Sara hakuwa na duka."

Leticia alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaacha. "Lakini umekonda, mama. Kucha zako zimekuwa za karatasi. Nenda kapime."

Alikwenda. Kwenye zahanati moja ya mtaa wa Gerezani walimtoboa kidole, wakamwambia damu imepungua, wakamuuliza kama kuna kitu anakula kisicho chakula. Akasema hakuna. Alipotoka alipitia Mkunguni.

Masika ilikuwa imeshika. Maji yalipita katikati ya mtaa yakibeba maganda ya ndizi na vifuniko, na wenye meza walikuwa wamezifunika nailoni wakachutama chini yake. Mama Bakili alikuwa mahali pake penye ukavu, ndani kidogo ya kichochoro. Alipomwona Anaeli hakusubiri salamu. Alitoa kifurushi chini ya upande wa khanga yake.

"Leo mama yako amekuchagulia."

Anaeli alidhani hakusikia vizuri kwa sababu ya mvua. "Nani?"

"Mama yako. Mfupi, kainama upande mmoja hivi, kama mtu aliyebeba ndoo maisha yake yote. Kaja asubuhi, kachutama hapo ulipo, kachambua ungo mzima. Kasema hivi vya Anaeli, usimuuzie mwingine."

"Umenifananisha, mama. Mama yangu hayuko Dar."

"Basi amekuja," alisema Mama Bakili, bila kubishana, akifukuza nzi kwenye ukwaju.

Anaeli alikipokea kifurushi. Alifika dukani, akatundika mwavuli, akakaa, ndipo akakumbuka kuwa hajawahi kumtajia Mama Bakili jina lake. Siku zote aliitwa mwanangu.

Vijiti vilikuwa vitano. Vya kila siku vilikuwa vyeupe, rangi ya majivu. Hivi vilikuwa vyekundu vya kahawia. Aliapa hatavigusa. Saa kumi hivi alikuwa nyuma ya marobota. Na safari hii haikuwa mvua tu. Ilikuwa moshi wa jikoni ya mama yake, samadi mbichi, majani ya mgomba yaliyooza, na chini ya vyote ubaridi fulani, ule wa mahali jua halifiki. Alipofumbua macho kasha lilikuwa tupu.

Siku ya pili simu ililia. Alikuwa kaka yake Eliakimu, mwalimu mstaafu, ndiye mwenye nyumba sasa kule kihambani.

"Hamjambo huko?"

"Hatujambo kaka. Shikamoo."

"Marahaba. Nimeona nikwambie tu, kaburi la mama limetitia."

"Si mvua?"

"Ni mvua, ndiyo. Tumemwaga toroli mbili, limekaa sawa. Nimekwambia ili ukija usishtuke."

Wiki iliyofuata alipiga tena. Limetitia tena. Wamemwaga toroli tatu. Makaburi mengine yote yako sawa, alisema, hata la baba, na mvua inayonyesha ni hiyo hiyo moja. Alisema kwa sauti ya mwalimu anayesoma matokeo.

Anaeli hakuwa mtu wa mambo ya giza. Alikuwa mfanyabiashara, alijaribu bidhaa kabla ya kuiamini. Alijinyima siku nne. Alimkatia mteja kitenge pungufu, alilamba hata stempu ya posta ili apate harufu yoyote ya vumbi. Akampigia Eliakimu: kaburi likoje? Limetulia, hata halijashuka kidole. Siku ya tano alishindwa. Alikwenda Mkunguni karibu akimbie, na vifurushi vilikuwa viwili, vyekundu, vinamngoja. Alikula vyote kabla ya jioni. Jumapili, watu wakitoka kanisani, simu ikalia.

"Limeshuka kiasi cha goti," alisema Eliakimu.

Jumatatu aliamka na uamuzi. Atakwenda kwa Mama Bakili, si kununua bali kumkomesha. Alifika saa mbili asubuhi, akasimama mbele ya ungo.

"Mama, nakuheshimu. Lakini huyo mtu unayesema ni mama yangu, usipokee kitu chake tena. Mama yangu alikufa. Nimemzika."

"Umemzika?" aliuliza Mama Bakili. Aliuliza kwa upole kabisa. Akaokota kijiti kilichoanguka, akakirudisha mahali pake. "Pole mwanangu. Mimi sijui habari zenu. Mimi nauza tu. Lakini jana kaniachia swali nikuulize, nami nisipolifikisha halitanipa usingizi."

"Swali gani?"

"Kasema, muulize Anaeli, lile basi lilitengenezwa?"

Anaeli aliketi. Hakuchagua kuketi, alijikuta tu juu ya ndoo iliyopinduliwa pembeni ya yule mzee. Alitafuta kichwani kama aliwahi kumsimulia habari za basi, siku yoyote, kwa kupitisha maneno tu. Hakuona. Mtaa ulikuwa unapita mbele yao na mizigo yake, na Mama Bakili akampa maji kwenye kikombe cha bati, akanywa.

"Huja saa ngapi?" aliuliza mwishowe.

"Hana saa. Kaa, utamwona."

Akakaa. Alimpigia Leticia afungue duka peke yake. Alikaa hadi jua likapanda na kivuli cha kichochoro kikabaki kamba nyembamba miguuni pao. Adhana ya adhuhuri iliisha. Ndipo akaona.

Kariakoo hakuna anayetembea bila kuguswa. Utapigwa na robota, utakanyagwa, utashikwa mkono na muuza soksi. Lakini kuelekea upande wa sokoni palikuwa na mwanamke mfupi aliyeinama upande, ametupia khanga begani, na watu walikuwa wanampisha. Hawakumtazama, walikuwa wakiongea, wakibishania bei, na walipomfikia walikwenda kando kidogo kama maji yanavyofanya kwenye jiwe, kisha wakafunga nyuma yake. Mkokoteni uliojaa vitunguu ulimpitia ubavuni na haukumgusa hata upindo.

"Mama!" aliita Anaeli.

Wanawake kumi na tano wakageuka. Mwenye mandazi, mwenye mtoto mgongoni, askari wa jiji, mnunuzi wa dagaa, wote wakamtazama, kwa sababu Kariakoo kila mwanamke ni mama. Mmoja tu hakugeuka. Akaendelea hadi kwenye kona ya soko, na watu wakafunga nyuma yake, na Anaeli alipofika pale akisukumana alikuta muuza malimao amekaa kwenye gunia lake tangu alfajiri, ambaye hakuona kitu.

Tangu siku hiyo hakununua tena, wala hakupita Mkunguni. Lakini kila asubuhi alipofungua duka alikuta kitu kimeingizwa chini ya mlango wa bati. Kipande cha gazeti, kimekunjwa vizuri. Leticia akadhani ni barua za mapenzi.

"Huyu baba wa mtoto ana adabu," alisema. "Siku hizi wanatuma sauti tu."

Anaeli alivipeleka vifurushi vyote jaani bila kuvifungua. Vyote isipokuwa viwili.

Wiki ya pili ya Juni Eliakimu alipiga akiwa na habari za mwisho. Ukoo umekaa. Wamechoka kumwaga udongo usiojaa. Fundi amepatikana, vigae vimenunuliwa. Jumamosi saa nne asubuhi watalimwagia kaburi zege, walijengee, waweke msalaba.

"Bado konzi moja, Anaeli," alisema. "Unajua ni ya nani. Zege likishamwagwa hakuna pa kuitupia tena. Sisemi zaidi."

"Nitakuja kaka."

"Sawa."

Neno hilo moja, sawa, lilitoka kama la mtu ambaye hajamwekea mgeni kiti, kwa kuwa hamtarajii.

Na siku hiyo hiyo, jua halijazama, simu nyingine ikalia, ya kutoka Lubumbashi. "Mama Anaeli! Niko nakuja Ijumaa. Jumamosi napakia. Nitafutie yale ya maua makubwa, na usinipeleke kwa msichana wako, mimi nafanya na wewe mwenyewe."

Anaeli aliiweka simu mezani akaiangalia. Alijijua. Kwa miezi minne alikuwa amelia juu ya Jumatano moja, na sasa Jumatano ile ile imerudi imevaa jina la Ijumaa, na kichwa chake, bila kuambiwa, kilikuwa tayari kinapanga: nikimpakia Ijumaa yote, nikapanda gari la usiku, nitafika saa nne kasoro. Mdomo ulikuwa umejaa mate.

"Leticia," aliita. "Ijumaa nasafiri alfajiri. Mama Severine utamhudumia wewe."

"Atanuna."

"Anune."

"Atahamia kwa jirani."

Anaeli alifunga macho. "Ahamie."

Leticia alimtazama muda mrefu, kwa mara ya kwanza bila utani. "Nenda mama," alisema. "Kununiwa sikuogopi, nimeolewa mara mbili."

Ijumaa kabla ya jua alikuwa stendi ya Mbezi, na jioni alishuka njiapanda ya Machame. Alilala nyumbani alikozaliwa, ukungu ukipita dirishani, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne hakuota chochote.

Asubuhi ilikuwa baridi ile ya Juni inayofanya watu waongee mikono ikiwa kwapani. Viti vya plastiki vilipangwa kwenye migomba. Fundi na wenzake walikuwa wamekwisha kuchanganya zege, wanaligeuza kwa machepeo lisigande. Na kaburi lilikuwa kama alivyoambiwa, tena zaidi: limezama katikati kama beseni, na udongo wake ulikuwa mwekundu wa kahawia, laini, usio na jiwe.

Lilikuwa limekaa mbali na la baba yake. Hilo aliliona sasa, maana jioni ile ya Februari hakuona kitu kwa machozi. Baba alilala mbele ya nyumba; mama alikuwa nyuma kabisa, mahali palipokuwa na banda la ng'ombe.

Mchungaji aliomba kwa ufupi. Kisha Eliakimu akasimama na koti lake la ualimu, akaita, "Anaeli." Mara moja.

Alichutama. Akazamisha mkono. Udongo ulikuwa baridi, ukakubali vidole vyake, ukajaa kiganjani kama kitu kinachorudi nyumbani. Na hapo hapo, mbele ya mchungaji, mbele ya ukoo, mate yakamchuruzika. Mkono wake uliinuka. Haukuinuka kuelekea kaburini. Ulikuwa umefika usawa wa kidevu alipouona, akaushika kwa mkono wa pili.

"Hakukuwa na basi lililoharibika," alisema.

Chepeo la fundi likasimama.

"Jumatano ile nilikuwa dukani. Nilikuwa nauza. Mama yuko ndani ya sanduku nami nafunga mzigo wa mteja, na nikaja hapa nikawadanganya, nikanywa chai yenu."

Alingoja kelele. Kulikuwa na kuku mmoja tu anapekua majani.

"Tulijua," alisema Eliakimu.

"Mlijua?"

"Dereva wa basi la Jumatano ni Bryson, mtoto wa jirani hapo chini. Hilo basi lilifika saa kumi jioni bila hata pancha, na Alhamisi Bryson alikuja msibani. Alikula sahani tatu, amekaa kiti kile pale."

Mtu nyuma akacheka, akajifanya kukohoa.

"Sasa kwa nini hamkusema?"

"Tungesemaje sisi? Tulikuwa tunangoja useme wewe." Akavuta koti lake. "Tupa, mdogo wangu. Zege linaganda."

Lakini mkono ulikuwa haujashuka. Kila aliyekuwepo aliona jinsi anavyoushikilia, kama mtu anayemzuia mbwa. Na shangazi yao Elieshi, dada wa baba, mwanamke wa miaka themanini na kitu ambaye tangu asubuhi hakuwa ametia neno, akaondoka kwenye kiti chake na fimbo, akaja hadi pale, akainama, akamtazama Anaeli midomoni.

"Unakula udongo wewe," alisema.

Anaeli alijifuta mdomo kwa bega.

"Tangu lini?"

"Tangu alipokufa, shangazi."

Bibi yule alitikisa kichwa polepole. Akawageukia wengine. "Mnauliza kwa nini halijai. Litajaaje? Mama yenu alipoolewa hapa ana mimba ya huyu Eliakimu, alikuwa anakwangua ukuta wa jikoni kwa kucha. Mimi ndiye niliyemwonyesha hapa, nyuma ya banda. Ule mzuri. Tulikuja wote wawili tukijifanya tunafuata samadi. Mimi niliacha. Yeye hakuacha. Miaka hamsini na tano, kila siku, ngumi moja. Alichimba hapa hadi mkono ukaingia wote, akawa anafunika na majani. Hapa chini hakuna kitu, watoto wangu. Ni mashimo."

Eliakimu alikuwa amefungua mdomo. "Ndiyo maana alikataa kuzikwa karibu na baba."

"Nanyi mkadhani ni ugomvi. Nilimuuliza alipokuwa anaumwa, nikamwambia, wifi, kwa nini kule nyuma penye giza? Akaniambia, nimekula pale maisha yangu yote. Sasa pale panile mimi." Akashika kifundo cha mkono wa Anaeli kwa vidole vikavu, vyenye nguvu kuliko vilivyoonekana. "Anakugawia. Alikuwa mtu wa kugawa. Lakini ukiendelea kupokea, atakugawia mpaka na nafasi ya pembeni yake. Mwambie umeshiba."

Ukungu ulikuwa umeshuka kwenye migomba, nyumba haikuonekana. Anaeli alitazama kile kilichokuwa kiganjani mwake, na ulimi ukamuuma kwa kukitaka.

"Nimeshiba mama," alisema. Haikuwa kweli bado. Alisema tena, kwa sauti. "Nimeshiba."

Akafungua mkono juu ya kaburi.

Udongo ulianguka, na sauti yake haikuja mara moja. Watu waliokuwepo wanasimulia hivyo mpaka leo: ilikawia, kama jiwe lililotupwa kisimani, kisha ikaja kutoka chini sana. Kila mtu aliisikia, na fundi alirudi hatua moja nyuma. Baada ya hapo palikuwa na kimya cha kawaida.

"Mwaga," alisema Eliakimu.

Walimwaga zege. Lilijaa hadi juu, likasawazishwa kwa ubao, likakaa.

Mchana chakula kilipokuwa tayari, mke wa Eliakimu alipita kwenye viti na birika na beseni. Alipofika kwa Anaeli, Anaeli alinyoosha mikono yote miwili. Maji yalishuka mekundu.

"Ongeza," alisema, akasugua kati ya vidole, chini ya kucha, hadi yaliposhuka meupe.

Kiti cha pili alikuwa shangazi Elieshi. Alinawishwa mkono mmoja tu. Ule mwingine aliuacha mapajani, chini ya khanga, umefumbwa.